Matumizi ya Kaya na Hesabu ya Hewa ya Ukaa

Mwaka 2016 benki ya Ålandsbanken, katika visiwa vya Åland nchini Ufini, ilianza kutumia kipimo kiitwacho Åland Index, ili mwenye kadi ya benki aone kiasi cha hewa ya ukaa kilichotokana na manunuzi yake. Mwaka 2019 kampuni ya Doconomy ya Stockholm, pamoja na Mastercard, ilitangaza kadi iliyokusudiwa kukataa malipo mteja afikiapo kikomo cha hewa hiyo. Yafaa tujiulize: je, hesabu ya namna hii hufanywaje, nayo yastahili kuaminiwa kwa kadiri gani?

Kila muuzaji apokeaye malipo ya kadi huwekwa katika kundi lenye namba ya tarakimu nne: mafuta ya gari, vyakula, usafiri wa ndege, na kadhalika. Fedha iliyolipwa huzidishwa kwa wastani wa hewa ya ukaa itolewayo kwa kila euro katika kundi hilo. Msingi wa wastani huo ni majedwali ya mchumi Wassily Leontief, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, yaonyeshayo jinsi kila tasnia inunuavyo kutoka kwa nyingine. Hivyo mkate hubeba pia mzigo wa mbolea, lori na tanuri.

Faida yake ni dhahiri. Kaya hutambua kwamba safari moja ndefu ya ndege huzidi mbali akiba ya mifuko ya plastiki ya mwaka mzima.

Hata hivyo, benki huona duka, haioni kilichonunuliwa. Anunuaye viatu vya euro 160 vidumuvyo miaka kumi huhesabiwa mara nne ya yule anunuaye vya euro 40 vichakaavyo upesi. Nyama ya ng'ombe na maharage, bei ikiwa sawa, huhesabiwa sawa. Kwa hiyo fedha haina budi kusahihishwa kwa kilo, lita na ankara za umeme, tena kwa ridhaa ya kaya yenyewe, maana kumbukumbu hizi hufichua maisha ya mtu.

Zaidi ya hayo, mpangaji hawezi kubadili mtambo wa kupashia joto nyumba isiyo yake. Takwimu zaonyesha mzigo ulipo. Hazionyeshi ni nani awezaye kuutua. Kama tufundishavyo juu ya Sheria, kuonyeshwa kosa si kupewa nguvu ya kuliacha. Basi tufundishapo uwakili, tusimlaumu mtu kwa namba kabla ya kuuliza uwezo wake.