Huyu Anasoma au Anafanya Kazi?

Jioni moja nilipokuwa nikinunua mahamri kwa mama mmoja wa Mishomoroni, ambaye bintiye ni mwanafunzi wangu, niliulizwa swali ambalo, licha ya miaka yangu mingi ya kufundisha isimu, sikuweza kulijibu papo hapo. "Mwalimu," aliniambia huku akiyafunga mahamri katika gazeti, "hebu nambie wewe uliyesoma. Huyu mtoto anasoma au anafanya kazi? Maana akiwa anasoma, mbona kutwa yuko ofisini kwa watu? Na akiwa anafanya kazi, mbona mwisho wa mwezi harudi na kitu?"

Binti huyo, msomaji mpendwa, alikuwa katika mwezi wake wa pili wa mafunzo ya kazini katika jarida moja lenye ofisi kisiwani. Kila siku alfajiri alipanda matatu, akapita Kongowea, akavuka daraja la Nyali na kuteremka Buxton. Safari iliyobakia aliimaliza kwa miguu ili aokoe shilingi mbili tatu. Nauli ya asubuhi ilikuwa shilingi 70, na ya jioni 80, mvua isiponyesha, kwani ikinyesha utingo hutaja bei aitakayo. Hizo ni shilingi 150 kwa siku na 3,300 kwa mwezi wa siku 22 za kazi, kabla hajatia tonge kinywani. Hamri moja likiuzwa kwa shilingi 10, mamake alipaswa kuuza mahamri 330 ili bintiye afike tu kazini, na hapo sijatoa gharama ya unga, nazi, iliki, mafuta na makaa.

Je, huko alikuwa akisoma? Nilimwuliza. Alinijibu kwamba wiki ya kwanza mhariri alimketisha akamwonyesha namna ya kupunguza makala bila ya kuyaua. Baada ya hapo alikuwa akisahihisha kurasa za wengine, akitafsiri taarifa za Kiingereza zilizoletwa na ofisi mbalimbali, na kuyanakili mahojiano yaliyorekodiwa. Makala yake matatu yalichapishwa, moja bila ya jina lake. "Mwalimu," alinambia, "kazi ninaipata. Nauli ndiyo siipati."

Sisi wanaisimu tuna ugonjwa wa kukimbilia maneno tunapozidiwa na mambo, nami niliporudi nyumbani nilifanya hivyo hivyo. Chukua neno kibarua. Asili yake ni kijibarua, yaani kipande cha karatasi alichopewa mchukuzi alipoandikwa kazi, naye akakirudisha jioni ili alipwe. Kwa hivyo hata yule mtu tuliyemweka chini kabisa katika ngazi ya ajira, jina lake lenyewe ni ushahidi kwamba kulikuwa na malipo. Mwanagenzi hana kikaratasi kama hicho. Ana barua, naam, lakini yake yasema kinyume, kama nitakavyoeleza.

Yamkini kuna atakayenikumbusha desturi ya kilemba, ambapo aliyekuwa akijifunza ufundi ndiye aliyempa fundi zawadi, wala si fundi aliyemlipa mwanafunzi. Ni kweli. Lakini kilemba kilitolewa kwa fundi aliyefunza. Neno fundi na neno mafunzo yana shina moja, na fundi asiyefunza alikuwa hastahili kilemba. Tena mwanafunzi wa seremala alilala kwao na kwenda kwa miguu hadi karakana ya mtaani. Hakuwa akilipa shilingi 150 kila siku ili apate fursa ya kumpigia randa mtu mwingine mbao za kuuza.

Wengine watasema huko ni kujitolea. Nami nakiri kwamba uandishi wa Kiswahili katika mji huu umejengwa na watu waliojitolea. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanzisha gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakuwa akitafuta mshahara. Lakini yeye alijitolea kwa jambo lake mwenyewe, ilhali binti wa Mishomoroni anajitolea kwa hesabu ya faida na hasara ya mtu mwingine.

Sheria haiko kimya kama inavyodhaniwa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chasema kila mfanyakazi ana haki ya kupata ujira wa haki, na Sheria ya Ajira ya 2007 inapomfasili mwajiriwa humjumuisha pia mwanagenzi. Serikali yenyewe imekubali hoja hii, japo kwa kusukumwa. Tume ya Utumishi wa Umma iliweka posho ya shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wahitimu walio katika mpango wake wa mafunzo kazini. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliamua kwamba namna walimu wanagenzi walivyoajiriwa ilikiuka Katiba. Madaktari wanagenzi nao walizozana na serikali mwaka huo wote kuhusu malipo yao, na mgomo wa madaktari ukachukua siku 56. Lakini daktari ana chama na mwalimu ana chama. Mwanagenzi wa jarida ana simu yenye salio dogo.

Huko Marekani, walioona hivyo walikwenda mahakamani. Mwaka 2013 wanagenzi wa zamani wa majarida ya W na The New Yorker walilishtaki shirika la Condé Nast wakidai kwamba walilipwa chini ya kiwango cha sheria. Mwaka uliofuata shirika likakubali kutoa dola milioni 5.8 kwa maelfu ya waliopitia mlango huo. Lakini papo hapo lilikwisha kuufunga mlango wenyewe: kuanzia 2014 mpango wa wanagenzi ulisimamishwa. Hili ndilo jibu ninalopewa na kila mhariri ninayemgusia jambo hili: "Mwalimu, ukinibana nilipe, sitawachukua kabisa." Nami siamini kwamba wote wanatoa vitisho, kwani matangazo yamehamia mitandaoni na majarida mengi yanaishi kwa kudra.

Ndiyo maana sidai mzigo wote utwikwe jarida. Kila mwajiri nchini hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ziende kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kuna pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa 1995, na kuna basari za maeneo bunge. Tatizo ni kwamba hundi ya basari huandikiwa chuo, haiandikiwi mwanafunzi, na hakuna utingo apokeaye stakabadhi ya karo. Sioni ni kwa nini fedha hizi zisimegwe fungu dogo la nauli na chakula, kwa miezi mitatu tu, kwa yule aliyethibitishwa kuwa hana.

Lisipofanywa hilo, tunaojua Kiswahili tutajuta. Binti huyu alipata pia nafasi katika jarida la Nairobi, akaikataa, kwani hana mjomba Nairobi wa kumpa pa kulala. Aliyeichukua ana mjomba. Simaanishi kwamba wa bara hawajui lugha. Baadhi ya wahariri bora niliosoma kazi zao hawakuzaliwa karibu na bahari. Nasema tu kwamba mtoto aliyekulia katika Kimvita cha mamake, anayeijua tofauti ya kuchomoza na kuchomoka bila ya kufungua kamusi, anazuiwa kufika mezani kwa mhariri na shilingi 150.

Na mimi je? Chuo humtaka mwanafunzi amalize mafunzo ya nje ndipo ahitimu, tena humtoza ada kwa ajili hiyo. Barua ya kumwombea nafasi huandikwa na idara, nami nimezitia saini kwa miaka mingi. Ndani yake mna sentensi isemayo kwamba mwanafunzi hatarajii malipo yoyote. Hakuna mwajiri aliyetushurutisha kuiandika. Tuliiandika sisi, na hakuna kati yetu anayekumbuka ni nani aliyeianza.

Wiki hii nimeletewa barua kumi na moja za kundi jipya. Sentensi hiyo nimeikata kwa kalamu, na pembeni nimeandika kwamba tunaomba nauli ya shilingi 150 kwa siku. Kufikia jana nilikuwa nimepata majibu mawili. Mhariri mmoja amekubali. Mwingine ameuliza ni nani aliyenipa ruhusa ya kuharibu barua rasmi ya chuo.