Mahindi, Mhogo na Sheria: Nani Hupima Mbegu Zilizobadilishwa Vinasaba?

(KIASHIRIO CHA KIPINDI. KISHUKE POLEPOLE)

MTANGAZAJI: Leo tunajibu swali ambalo akina mama wengi wanatuuliza: mbegu zilizobadilishwa vinasaba ni nini, na nani anazipima kabla hazijafika kwenye sufuria?

Vinasaba ni maelekezo yaliyo ndani ya kila kiumbe hai. Ndivyo vinavyofanya mtoto afanane na mama yake. Wataalamu wanaweza kuchukua kinasaba cha kiumbe kimoja na kukitia katika kingine. Chukua mfano wa mhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mhogo ardhini, na mara nyingine mkulima hajui mpaka ang'oe. Watafiti nchini Kenya wamefanya majaribio ya mhogo unaostahimili ugonjwa huo.

Lakini nia njema haitoshi. Mbegu ikishatoka shambani, hairudi. Kwa hiyo, Kenya ilitunga sheria mwaka 2009 na kuunda mamlaka ya kusimamia kazi hiyo. Mtafiti hupita hatua kwa hatua. Kwanza hufanya kazi ndani ya maabara. Akipewa kibali, hupanda katika shamba lenye uzio na ulinzi. Mbegu hufika kwa mkulima baada ya kibali kingine. Anayekiuka anaweza kutozwa faini au kufungwa.

(MUZIKI MFUPI)

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye chakula cha msaada. Mwaka 2002 njaa ilipiga kusini mwa Afrika, na mahindi ya msaada kutoka Marekani yalikuwa na yale yaliyobadilishwa. Zambia ilikataa kabisa. Malawi, Msumbiji na Zimbabwe zilitaka yasagwe kwanza. Kwa nini? Punje huota, unga hauoti. Lengo lilikuwa watu wapate kula, na mashamba yasiingiliwe na mbegu ngeni.

Kenya nayo ilipiga marufuku vyakula hivyo Novemba 2012, kisha baraza la mawaziri likaondoa marufuku Oktoba 2022, wakati wa ukame mkali. Wakulima na wanaharakati wengine walikwenda mahakamani kupinga.

Je, vinadhuru? Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya aina hii vilivyo katika soko la kimataifa vimepimwa, na haielekei kuwa vinaleta madhara. Lakini kila kimoja hupimwa peke yake. Kupita kwa kimoja hakupitishi kingine.

Kwetu kambini, tushike mambo matatu. La kwanza, mbegu chotara si lazima iwe imebadilishwa vinasaba. Chotara hupatikana kwa kuchavusha aina mbili za mmea. La pili, mbegu yenye rangi nyekundu, kijani au buluu kwa kawaida imepakwa dawa. Hiyo usiile kamwe, hata ukiiosha, wala usiwape kuku. La tatu, ukitaka kupanda kwenye kibustani chako, tafuta mbegu ya kupanda kwa wahudumu wa kilimo, usitegemee punje za mgao.

Na ukisikia uvumi kuhusu chakula, usikitupe wala usiusambaze. Uliza kwanza kwenye kituo cha mgao au kwa mhudumu wa afya wa bloku yako.



(KIASHIRIO KIPANDE, KISHA KIISHE)