DVD INAKATAA FAILI? USIITUPE KWANZA

Umepata oda ya video ya harusi, nakala 20. Unataka kuchoma, kompyuta inasema faili la ISO ni kubwa mno. Unaangalia: faili ni GB 4.5, DVD imeandikwa GB 4.7. Sasa shida iko wapi?

Shida ni hesabu tu. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo DVD yako kwenye Windows ni kama GB 4.37 tu.

Fanya hivi:

✅ Imezidi kidogo? Rudi kwenye programu ya kuhariri, punguza bitireti, kisha tengeneza ISO upya. Kuizipu hakusaidii, video imeshabanwa tayari.

✅ Imezidi sana? Tumia DVD ya tabaka mbili (DL), inabeba kama GB 7.9. Hakikisha draivu yako inachoma DL.

✅ Au gawa: diski moja kanisani, nyingine ukumbini.

Choma moja kwanza, icheze kwenye deki mpaka mwisho, ndiyo uendelee na 19 zilizobaki. Na kama diski zinaongezeka, mwambie mteja bei mapema. Usije ukala hasara kimyakimya!