Mabomba Yaliyofukiwa: Nani Anajua Yalipopita?

(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia yanakotoka maji ya Ukambani: vilima vya Mbooni, visima virefu, mabwawa ya mchanga, na Bwawa la Thwake ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui. Leo tushuke ardhini. Maji yakishatoka kwenye chanzo huingia katika mabomba yasiyoonekana, na huko ndiko fedha nyingi za umma hupotelea. Kwa miaka mingi ripoti za WASREB, bodi inayosimamia kampuni za maji nchini, zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayaingizi hata senti moja. Mengine huibwa, mengine hayasomwi vizuri kwenye mita, na mengi huvuja tu.

Chukua mji wa Tawa, ulio upande wa Mbooni. Historia ya mabomba katika miji ya aina hii haina mwenyewe mmoja. Bomba moja lililazwa na wizara, jingine na kanisa au shirika la misaada, jingine na kamati ya mradi wa kijiji, jingine kwa fedha za hazina ya eneo bunge. Katiba ya 2010 ikaikabidhi kaunti huduma ya maji na usafi, na leo Makueni ina kampuni tatu: ya Wote, ya Kibwezi-Makindu na ya Mbooni. Ng'ambo ya mto Athi, Kitui ina mbili. Mradi unapokabidhiwa, kinachohesabiwa ni kile kinachoonekana, yaani matangi, pampu na ofisi. Njia za mabomba mara nyingi hubaki kichwani mwa fundi mmoja wa siku nyingi, naye akistaafu huondoka nazo.

Hilo ndilo tatizo la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo mama wa mengine yote. Kampuni isiyojua bomba lake liko wapi, ni la kipimo gani, lilizikwa lini na vali yake iko upande upi, haiwezi kulitunza. Itasubiri lipasuke, ichimbe, ifunge raba, ifukie, halafu isubiri tena.

Ardhi yenyewe haisaidii. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba mvua inaponyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, ukilivuta bomba huku na huku hadi viungo viachane. Katika mito ya msimu, wachotaji mchanga huliacha bomba likining'inia bila kitu cha kulishikilia, na mafuriko ya kwanza hulibeba. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na mabomba yanayovuka mito ni sababu moja zaidi ya kuiheshimu.

Kisha kuna presha. Kila mita 10 ambazo maji yanashuka huongeza presha ya takriban baa 1. Maji yakishuka mita 200 kutoka kilimani bila kukatizwa, bomba la chini hubeba baa 20, ilhali mabomba mengi ya plastiki yanayouzwa madukani ni ya baa 6, 10 au 16. Ndiyo maana wahandisi huweka matangi madogo njiani ya kuvunja presha. Mtu akiliruka tangi hilo ili maji yamfikie haraka, anayeumia ni jirani aliye bondeni. Na presha hupanda zaidi usiku, watu wakiwa wamefunga mifereji, bila mtu wa kuona bomba linavyomwaga. Tundu dogo linalotoa lita 1 kwa dakika humwaga lita 1,440 kwa siku. Hiyo ni mitungi 72 ya lita 20, katika nchi ambako mama bado hufuata maji kwa punda.

Lakini hasara ya maji si hatari kubwa kuliko zote. Miji yetu midogo hutegemea vyoo vya shimo na matangi ya maji taka, na mabomba ya maji safi hupita papo hapo uani. Maji yanapotoka kwa mgao, bomba hubaki tupu kwa siku kadhaa. Presha ikiisha, uchafu uliolowesha udongo hupata njia ya kuingia kupitia tundu lile lile lililokuwa likitoa maji. Kanuni inayofuatwa na wahandisi wengi ni kuacha takriban mita 3 kati ya bomba la maji safi na la maji taka, na yanapokutana, la maji safi lipite juu. Nani atafuata kanuni hiyo ikiwa hakuna anayejua kilichozikwa?

Hata nchi tajiri zimenaswa. Novemba 2007, katika mji wa Nokia nchini Finland, vali moja iliyounganisha mtambo wa maji taka na bomba la maji safi ilifunguliwa wakati wa matengenezo. Muungano huo haukupaswa kuwepo kamwe. Maelfu ya watu waliugua matumbo.

Dawa haianzi na mashine ghali. Kampuni imtume kijana mwenye simu inayoonyesha mahali alipo, atembee na fundi mkongwe na wazee wa kamati wangali hai, aweke alama kwenye kila vali, kiungo na kivuko. Kila bomba liandikwe: kipenyo, aina, mwaka, na tarehe ya kila tengenezo. Daftari likionyesha kipande kimoja kimepasuka mara kwa mara, kibadilishwe chote; raba nyingine ni fedha za kutupa. Kwenye mdomo wa tangi kuu iwekwe mita moja isomwe kati ya saa nane na saa kumi usiku, wakati watu wamelala. Matangi ya nyumbani yakishajaa, maji yanayoendelea kupita saa hizo mengi ni ya kuvuja. Plastiki haitambuliwi na kifaa cha kutafuta chuma, wala haipitishi vizuri sauti ya uvujaji. Kwa hiyo kila bomba jipya lizikwe pamoja na waya wa shaba, na juu yake utepe wa onyo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kuchimba mtaa mzima. Suala la bili na maunganisho haramu tutalifikia katika sehemu ya tatu.

Maji ya Thwake yakifika siku moja, yatapitishwa katika mitandao hii hii. Kwa hivyo ombi langu ni kwa wawakilishi wa wadi wanaopitisha bajeti ya Makueni na Kitui: kabla ya kuidhinisha kilomita nyingine ya bomba, itisheni ramani ya mabomba yaliyopo. Na wewe mkazi wa Tawa unayetaka kuchimba msingi au shimo la choo, pita kwanza ofisi ya maji uulize kilicho chini ya kiwanja chako. Wasipokuwa na jibu, wadai.