Mkalimani wa Mke Wangu

Katika mwaka wetu wa pili wa kuishi Uingereza, mke wangu alitokwa na vipele mashavuni, na ngozi yake ikawa nyembamba hata mishipa ikaonekana. Naandika haya kwa idhini yake, huenda familia nyingine ikanufaika.

Kule mgonjwa haendi moja kwa moja kwa bingwa wa ngozi. Huanza kwa daktari wa familia alikosajiliwa, naye ndiye aandikaye rufaa. Ada ya afya tulikwisha kuilipa pamoja na viza, hivyo kumwona daktari hakukutugharimu fedha, bali subira ya miezi.

Siku ilipowadia tuliomba daktari mwanamke, tukapewa. Kwa kuwa Kiingereza cha mke wangu kilikuwa kidogo, nilijiandaa kumtafsiria. Daktari alinikatalia kwa upole: hospitali ina mkalimani wake, bila malipo, nami nisubiri nje. Nilihisi nimevunjiwa heshima. Nani amjuaye mke kuliko mumewe?

Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu. Tulipofika nyumbani ndipo aliponieleza: kwa miaka mitatu alikuwa akipaka mkorogo aliotumiwa na jamaa. Daktari alimuuliza mara moja tu, naye akajibu. Mimi sikuwahi kumuuliza. Tena ni mimi niliyezoea kusifia weupe wa wanawake wengine mbele yake, nikidhani ni mzaha.

Daktari alimfahamisha kuwa krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi kali ambazo hudhoofisha ngozi, na kuziacha ghafla huweza kuzidisha muwasho na wekundu. Hivyo akampangia namna ya kuziacha chini ya uangalizi. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Alipimwa mkojo, alhamdulillah, figo zilikuwa salama.

Ndugu zangu, sheria yetu imeruhusu mgonjwa kufunua mwili kwa tabibu kwa kadiri ya haja. Basi na siri ya ugonjwa ipewe nafasi ya kufunuliwa. Mwenye mgonjwa ugenini aombe mkalimani, wala asione haya kungoja nje.

Nasi wanaume tuchunge ndimi zetu majumbani. Dawa ya mke wangu ilitoka hospitali. Maradhi yake yalianzia sebuleni kwangu. Allah atusamehe.