Muda wa Mafunzo kwa Wanafunzi Wasioona: Namna Unavyopimwa katika Shule za Marekani

Katika shule ambayo wanafunzi wake wote hawaoni, swali la muda halina uzito mkubwa. Mwalimu ajuaye maandishi ya nukta nundu yupo darasani tangu asubuhi hata jioni, na vitabu, vibao na mashine za kuandikia vimo mikononi mwa watoto siku zote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika shule ya Perkins huko Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1829, na hivyo ndivyo ilivyokuwa pia katika shule za mwanzo za Afrika ya Mashariki, kama ile ya Thika ya mwaka 1946 na ile ya Buigiri, karibu na Dodoma, ya mwaka 1950. Swali huanza pale mtoto asiyeona anapoketi katika shule ya jirani pamoja na watoto wanaoona. Hapo mwalimu wa darasa ajua hesabu na historia, lakini hajui nukta nundu. Na yule azijuaye ana wanafunzi wengine katika shule nyingine, naye huja na kuondoka. Yapasa basi kuamuliwa: aje mara ngapi, na kila ajapo akae kwa muda gani?

Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la ratiba tu. Kwa hakika ndilo linaloamua kama mtoto atajua kusoma au hatajua. Nchini Marekani limejadiliwa kwa miaka mingi, nalo limewekewa sheria na vipimo; kwa hiyo yafaa kuelezwa kwa mfano wa nchi hiyo.

Kwanza maneno yenyewe yahitaji kupambanuliwa. Jina la wanafunzi wasioona, kwa maana inayotumika hapa, lawahusu wale wasioona kabisa pamoja na wale wenye uoni hafifu, ambao miwani haiwatoshelezi. Huduma wanayopewa ni ya namna mbili. Ya kwanza ni mafunzo ya ana kwa ana, mwalimu na mwanafunzi. Ya pili ni msaada wa pembeni: kumshauri mwalimu wa darasa, kuzungumza na wazazi, na kuonyesha namna ya kuweka vifaa ili mtoto avifikie. Tena kuna maneno mawili ambayo yakichanganywa huharibu hoja nzima, nayo ni haja na nafasi. Haja ni ya mwanafunzi. Nafasi ni ya mwalimu. Mwalimu asemapo, "Nina nafasi Jumanne baada ya saa nne," amesema kweli kuhusu siku yake, lakini hajasema lolote kuhusu mtoto.

Mwalimu wa kuzunguka si mgeni katika elimu ya Marekani. Darasa la kwanza la watoto wasioona ndani ya shule ya kawaida ya umma lilifunguliwa Chicago mwaka 1900. Kisha, katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, watoto wengi waliozaliwa kabla ya siku zao walipoteza uoni kwa sababu ya oksijeni nyingi waliyopewa hospitalini ili kuokoa maisha yao. Idadi yao ilikuwa kubwa, na wazazi wengi walitaka wakae nyumbani na kusoma katika shule za mitaani mwao. Hapo ndipo kazi ya kuzunguka ilipoenea. Mwalimu alianza kutembea na vifaa vyake kutoka shule hadi shule, na saa zake zikawa kitu cha kugawanywa.

Sheria ilifuata baadaye. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria namba 94-142, iliyowapa watoto wote wenye ulemavu haki ya elimu ya umma bila malipo. Sheria hiyo ilipewa jina jipya mwaka 1990, nayo ikarekebishwa tena mwaka 1997 na mwaka 2004. Kwa amri yake, kila mtoto wa namna hiyo huandikiwa mpango wa elimu ulio wake peke yake, na mpango huo hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka. Ndani yake yapasa kutajwa huduma atakazopewa, zitaanza lini, zitatolewa mara ngapi, wapi, na kwa muda gani. Marekebisho ya mwaka 1997 yaliongeza kuwa mtoto asiyeona afundishwe nukta nundu, isipokuwa uchunguzi umeonyesha kwamba hazimfai kwa sasa wala kwa siku zijazo.

Utaratibu wa sheria hii ni muhimu kuliko maneno yake. Kwanza mtoto huchunguzwa. Kutokana na uchunguzi hujulikana haja zake. Kutokana na haja huwekwa malengo ya mwaka. Na kutokana na malengo ndipo huduma na muda wake huandikwa. Muda ni tunda la mwisho la mti huu. Aghalabu, hata hivyo, mambo huendeshwa kinyume. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi walio mbalimbali hutazama ratiba yake, huona vipindi viwili vya nusu saa vilivyo wazi, naye huviandika katika mpango wa mtoto. Baadaye malengo hupunguzwa ili yaenee katika vipindi hivyo. Karatasi hujazwa ipasavyo, wala hakuna aliyesema uongo. Lakini kilichopimwa ni nafasi ya mwalimu, na haja ya mtoto imekatwa ili ilingane nayo.

Madhara yake huonekana kwa hesabu ndogo. Na achukuliwe mtoto wa darasa la kwanza anayeanza nukta nundu, aliyepangiwa vipindi viwili vya dakika 30 kwa juma. Mwaka wa shule wa Marekani kwa kawaida una siku 180, yaani majuma 36. Mtoto huyo atapata saa 36 kwa mwaka mzima, kama mwalimu hakuugua na barabara haikuzibwa na theluji. Sasa na alinganishwe na mtoto mwingine afundishwaye saa moja na nusu kila siku: huyo atapata saa 270. Wa kwanza atahitaji miaka saba na nusu kupata mafunzo ambayo wa pili ameyapata kwa mwaka mmoja. Alan Koenig na Cay Holbrook, waliokusanya maoni ya wataalamu wa kazi hii na kuyatangaza mwaka 2000, walionyesha kuwa katika madarasa ya mwanzo ya kusoma na kuandika mtoto wa nukta nundu ahitaji kufundishwa kila siku, kwa muda wa saa moja hadi mbili. Jambo hili halipasi kumshangaza mtu. Mtoto anayeona hufundishwa kusoma kila siku, na hata nje ya darasa macho yake hukutana na herufi katika vibao vya maduka na katika makopo ya maziwa. Mtoto asiyeona hakutani na nukta ila zikiletwa chini ya vidole vyake.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo ni kweli kwa kibaba kisichovuja. Ustadi wa vidole kwa mtoto anayeanza huvuja: alilojifunza Jumatatu, asipolirudia mpaka Jumatatu ya pili, sehemu yake huwa imepotea, na kipindi kipya huanza kwa kuokota kilichoanguka. Kwa hiyo mara ngapi mwalimu aja ni swali lenye uzito sawa na jumla ya saa zenyewe.

Haja hujulikanaje? Walimu wa Marekani wanazo njia tatu za kuanzia. Ya kwanza ni kuchunguza jinsi mtoto atumiavyo uoni wake katika shughuli za kila siku: darasani, uwanjani, kwenye ngazi, asubuhi na alasiri. Ya pili ni kuchunguza ni kwa mlango gani wa fahamu hasa apatavyo maarifa, kwa macho, kwa vidole au kwa masikio. Koenig na Holbrook waliotajwa waliitolea uchunguzi huo kitabu mwaka 1993. Ya tatu ni kutazama mambo ambayo mtoto anayeona hujifunza kwa kuiga, na asiyeona hana budi kufundishwa. Philip Hatlen, aliyekuwa mkuu wa shule ya wasioona ya Texas, aliyaeleza mambo hayo mwaka 1996, na sasa huhesabiwa kuwa tisa: ujuzi wa kuufikia masomo, kama vile nukta nundu, kutembea na kutambua mahali, kukaa na watu, kujitunza nyumbani, michezo na mapumziko, maandalizi ya kazi, vifaa vya kisasa vya kusaidia, kutumia vizuri milango ya fahamu iliyopo, na kujiamulia mambo.

Yafaa kuangaliwa kwamba kipimo cha daktari wa macho peke yake hakitoi jibu. Kwa sheria ya Marekani mtu huhesabiwa kipofu ikiwa uoni wa jicho lake bora, hata akiwa na miwani, hauzidi 20/200, ambao ni sawa na 6/60 kwa hesabu ya mita, au ikiwa upana wa uoni wake hauzidi nyuzi 20. Watoto wawili waweza kuwa na tarakimu hiyo moja, mmoja akasoma vitabu kwa lenzi bila taabu, na mwingine akaumwa na kichwa baada ya ukurasa mmoja. Natalie Barraga alionyesha mwaka 1964 kuwa watoto wenye uoni hafifu, wakifundishwa kwa mpango, huweza kuutumia uoni huo vizuri zaidi, ijapokuwa jicho lenyewe halikubadilika. Huyu mwenye uoni hafifu ndiye asahaulikaye kwa urahisi: kwa kuwa hutembea bila fimbo na hutazama ubao kama wenzake, hudhaniwa kwamba anaona yaliyoandikwa.

Ili haja zigeuzwe kuwa muda bila kubahatisha, vimetungwa vipimo maalumu. Jimbo la Michigan lina vyake, na shule ya wasioona ya Texas ilitoa cha kwake katika miaka ya 2010, kijulikanacho kwa kifupi kama VISSIT. Mwalimu huenda jambo kwa jambo katika yale tisa, akitia alama kulingana na ukubwa wa haja iliyofunuliwa na uchunguzi. Mafunzo ya ana kwa ana huhesabiwa mbali, na msaada wa pembeni mbali. Mambo mengine huongezwa, kama vile mtoto anayekaribia kuhamia shule mpya au ambaye uoni wake umebadilika. Jumla ya alama huelekeza kwenye kiasi cha muda kinachopendekezwa.

Faida ya kipimo cha namna hii ni kuwa humlazimisha mwalimu kutaja sababu. Mkuu wa shule aulizapo kwa nini mtoto mmoja apewe saa tano kwa juma na mwingine nusu saa kwa mwezi, jibu lipo katika karatasi. Lakini alama ni shahidi, si hakimu. Uamuzi ni wa kikao cha walimu na wazazi, na wao waweza kuona lisiloonekana katika tarakimu. Wala muda mwingi si kheri siku zote. Kila kipindi ambacho mtoto hutolewa darasani, hukosa somo na hutengwa na rafiki zake. Na mwanafunzi aliyekwisha kuzimudu nukta na vifaa hahitaji mwalimu pembeni mwake kila siku. Muda uliopimwa vyema hupanda pale haja ipandapo na kushuka ujuzi ukomaapo.

Pingamizi kubwa ni uhaba wa walimu, nao ni wa kweli. Hata hivyo Wizara ya Elimu ya Marekani iliandika wazi mwaka 2013 kwamba uamuzi wa kumfundisha mtoto nukta nundu usiathiriwe na uchache wa walimu wala na wingi wa muda unaohitajiwa ili azimudu. Mahakama ya Juu nayo, ambayo mwaka 1982 ilikuwa imetaka mpango wa mtoto umletee manufaa fulani, ilisema mwaka 2017, katika kesi ya mtoto mwenye usonji, kuwa mpango huo sharti uelekee kwenye maendeleo yanayofaa kwa hali yake. Hukumu haziongezi walimu. Lakini haja ikiandikwa kwa ukamilifu, upungufu huonekana, na wenye mamlaka hawawezi kusema kuwa hawakuujua. Haja ikikatwa ilingane na nafasi, upungufu hufichika ndani ya mtoto.

Kwa wenye kushughulika na Kiswahili, lipo jambo la kuangaliwa kabla ya kuzichukua tarakimu hizi. Nukta nundu za Kiingereza zitumikazo Marekani tangu mwaka 2016 zina vifupisho 180, na tahajia ya lugha hiyo haifuati matamshi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na hilo ni nafuu kwa anayeanza. Kwa upande mwingine, kidole hupokea herufi moja baada ya moja, na neno la Kiswahili hubeba sentensi nzima: "hawatakuandikia" lina herufi 15, na ukanushi umo mwanzoni kabisa, ambapo kidole kisicho na mazoezi huweza kuupita. Kwa sababu hiyo idadi ya saa iliyopatikana kwa Kiingereza haiwezi kuhamishwa kama ilivyo. Yahitaji kupimwa upya kwa lugha yenyewe na kwa watoto wenyewe. Kinachoweza kuhamishwa ni utaratibu: mtoto achunguzwe kwanza, haja zake ziandikwe, na ratiba ya mwalimu ifunguliwe mwisho.