Amplifaya ya Valvu na Umeme Wake
Amplifaya ya hedifoni niliyoiunda kwa valvu aina ya ECC88 haitoi sauti papo hapo. Sharti kinyuzi cha ndani kipate moto kwanza, ndipo elektroni ziruke kuelekea kwenye bamba. Valvu hutaka volti nyingi, nayo hutoa mkondo mdogo. Hedifoni za omu 300 huridhika, bali za omu 32 mara nyingi huhitaji transfoma, la sivyo besi hunywea. Sauti ya taarabu humo ni tamu mno! Wenye transista watabisha, na kwa vipimo hawakosei. Lakini wewe unayetaka kulehemu yako, sikia: kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita hubaki na umeme unaoweza kuua. Uondoe kwa rezista, kisha pima kwa mita, mkono mmoja ukiwa mfukoni.